Mwanangu aliiga sauti ya gesi mbele ya mwenzake Myahudi. Nianzie wapi?

Bi Mshauri, assalamu alaikum.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na ninaishi kaskazini mwa London pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Ninakuandikia kuhusu kifungua mimba wangu, mwenye umri wa miaka 15, kijana ambaye hadi mwaka jana sikuwahi kuitwa shuleni kwa ajili yake isipokuwa kusikia akisifiwa.

Hivi karibuni mwalimu wake wa darasa alinipigia simu. Alinieleza kwamba mwanangu na wenzake wawili wamekuwa wakimfanyia mwanafunzi mmoja Myahudi kitendo cha ajabu: kila akipita karibu nao hutoa sauti ya "sss", kama mtungi wa gesi unaovuja, kisha hucheka. Siku moja mmoja wao, na shule inasema ni mwanangu, alimwambia kwamba Hitler angeachwa amalize kazi yake. Mtoto yule sasa hali tena chakula katika bwalo la shule, na siku nyingine haji kabisa.

Nilipomuuliza, mwanangu hakukana. Alisema ni mzaha, kwamba kila mtu anafanya, kisha akanitazama na kusema: "Mama, kwani huoni wanavyowafanya watoto wa Gaza?" Bi Mshauri, swali hilo lilinifunga mdomo, kwa sababu ninaona. Nimelala nikiwa na picha za watoto wanaofukuliwa kwenye vifusi, na nimeandamana katikati ya jiji hili pamoja na wanangu. Sitaki kumfundisha kwamba kuwaonea Wapalestina uchungu ni kosa.

Mume wangu anasema shule inawaonea watoto wa Kiislamu. Anakumbusha kwamba mwanetu alipoitwa gaidi na wenzake, hakuna mzazi aliyepigiwa simu, na kwamba nikimlazimisha kijana aombe radhi nitakuwa nimemsaliti. Kaka yangu mkubwa, aliyeko Mombasa na ambaye sote tunamheshimu kama baba tangu wazee wetu walipofariki, naye hutuma katika kundi la familia la WhatsApp sauti na video zinazosema kwamba Wayahudi ndio wanaomiliki benki kuu zote duniani, hata ya Kenya, kwamba vyombo vyote vya habari ni vyao, na kwamba kipo kitabu chao cha siri kilichoyapanga haya yote zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwanangu yumo katika kundi hilo na huzisikiliza. Mengine huyapata katika video fupi za simu yake, ambazo mimi sizioni.

Na kuna jambo la mwisho. Miongoni mwa wazee ninaowahudumia yumo bibi mmoja Myahudi aliyezaliwa Vienna, akaletwa Uingereza kwa treni ya watoto kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na wazazi wake hakuwaona tena. Huniita "binti yangu". Tangu simu ile ya shule naona haya kumtazama usoni.

Je, mwanangu ana chuki dhidi ya Wayahudi, au huu ni utoto tu? Nimwambie nini asije akadhani nimewatupa watu wa Gaza? Na kaka yangu nimkabili, au ninyamaze?

Mama wa Watatu, London

Jibu

Wa alaikum salaam, Mama wa Watatu.

Naomba tuanze na mtoto yule. Katika nyumba yenu mazungumzo yamekuwa juu ya Gaza, juu ya shule na juu ya heshima ya kaka, na katika hayo yote mwanafunzi anayeogopa kwenda kula chakula cha mchana amesahauliwa. Yeye hakumfanyia mwanao lolote. Hakurusha bomu, hakupiga kura katika nchi yoyote, na kwa umri wake hata jeshi lolote lisingemwandikisha. Anaadhibiwa kwa sababu ya watu aliozaliwa nao, na hilo peke yake lingetosha kukuonyesha uzito wa jambo lenyewe.

Sauti ile aliyoiiga mwanao ina maana moja tu. Katika kambi ya Auschwitz, nchini Poland iliyokuwa imetekwa na Ujerumani, watu walifungiwa ndani ya vyumba na kuuawa kwa sumu iitwayo Zyklon B. Takribani watu milioni 1.1 waliuawa katika kambi hiyo, na karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi. Kwa jumla Wanazi na washirika wao waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, yaani karibu wawili katika kila watatu waliokuwa wakiishi Ulaya, na watoto walikuwa takribani milioni 1.5. Kumwambia mtoto wa Kiyahudi kwamba Hitler angemaliza kazi ni kumwambia kwamba yeye, mama yake na wadogo zake walistahili kufa. Mtoto aliyelelewa na nyanya au babu aliyenusurika hawezi kulisikia neno hilo kama mzaha.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lina majibu mawili. Kitendo ni cha chuki dhidi ya Wayahudi, bila shaka yoyote, na usikubali mtu akulainishie hilo. Kuhusu moyo wa mwanao, kijana wa miaka 15 anayecheka na wenzake hajawa bado yule atakayekuwa, na ukimbandika jina la mbaguzi leo huenda akalivaa. Mwambie ubaya wa alichokifanya bila kumwambia kwamba ndivyo alivyo.

Lakini ili uzungumze naye ukasikika, unahitaji kuelewa kwa nini uongo huu unamvutia kijana mwenye huruma. Ubaguzi mwingi tunaoujua humdharau mtu: Mwafrika huambiwa hana akili, mkimbizi huambiwa ni mchafu. Chuki dhidi ya Wayahudi nayo ina dharau hiyo, ila ina sura nyingine ya hatari zaidi. Humchora Myahudi kama mwenye nguvu kupita kiasi, aliyejificha nyuma ya serikali, benki na vita, akiendesha mambo ya dunia kwa mkono usioonekana. Anayeiamini hajioni mbaguzi hata kidogo. Hujiona mtetezi wa wanyonge aliyefumbua siri. Mwanao aliingia kwa mlango wa uchungu wake juu ya Gaza, na hakuna aliyemwonyesha kwamba chumba alichoingia kilijengwa karne nyingi kabla ya kuwapo dola la Israeli, na watu wasiojali lolote kuhusu Wapalestina.

Wewe ni mtu wa Pwani na umekua ukisikia habari za mumiani. Zama za ukoloni, watu wa Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala waliamini kwamba wafanyakazi wa zimamoto waliwakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mtu akipotea, hadithi ilikuwa tayari. Wala si mambo ya kale tu: Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na kundi la watu walioambiwa kwamba wageni hao ni wanyonya damu. Sasa fikiria hadithi ya aina hiyo ikibandikwa, si kwa gari la zimamoto wala kwa wageni wa siku moja, bali kwa jamii moja ndogo, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1144, huko Norwich nchini Uingereza, maiti ya kijana mmoja ilipatikana msituni. Baadaye mtawa mmoja akaandika kwamba Wayahudi wa mji huo ndio waliomwua kwa ajili ya ibada yao. Hadithi ikaenea Ulaya, ikaongezewa kwamba damu ya watoto huchanganywa na mkate, na mara nyingi iliporudiwa watu waliuawa. Ilipozuka tauni kuu mwaka 1348, Wayahudi wakaambiwa wametia sumu visimani. Mwaka 1290 mfalme Edward I aliwafukuza Wayahudi wote Uingereza, na iliwachukua zaidi ya miaka 350 kuruhusiwa kuishi humo tena. Mji huo mnaoishi leo ulikuwa miongoni mwa miji waliyofukuzwa.

Habari ya Wayahudi na fedha nayo ina chanzo kinachoeleweka vizuri sana kwa mtu wa Afrika Mashariki. Katika sehemu nyingi za Ulaya ya zama za kati Wayahudi walizuiwa kumiliki ardhi na kujiunga na vyama vya mafundi, wakati huohuo Kanisa likiwakataza Wakristo kukopeshana kwa riba. Kazi ya kukopesha ikabaki mikononi mwa Wayahudi wachache, mfalme akawatoza kodi nzito juu ya mapato hayo, na mkopaji aliyeelemewa akamwona Myahudi mlangoni kwake bila kumwona mfalme aliyekuwa nyuma yake. Kumbuka Wahindi wa kwetu. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilizitenga nyanda za juu kwa Wazungu, Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba huko, akaelekea dukani. Kisha hasira yote ya bei na unyonyaji ikamwangukia mwenye duka. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na wengi walishangilia. Mwezi uliofuata, Amin huyohuyo alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Katika utawala wake Abayudaya wa eneo la Mbale, ambao ni Waganda weusi waliofuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoikubali mwaka 1919, walikatazwa kuabudu hadharani. Mwambie mwanao habari za Abayudaya, na za Wayahudi wa Ethiopia, Yemen na Morocco, kwa maana huenda video alizozitazama zimemfanya aamini kwamba Myahudi ni Mzungu tajiri na basi.

Nije kwa sauti za kaka yako. Hicho kitabu cha siri kinaitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni, na ni kitabu cha kughushi. Kilichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Urusi mwaka 1903, katika gazeti la Saint Petersburg. Mwaka 1921 mwandishi wa gazeti la The Times, Philip Graves, aliweka kurasa zake kando ya kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864 na kuonyesha kwamba vifungu vingi vimenakiliwa kutoka humo. Joly alikuwa akimshambulia mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, na wala hakuandika juu ya njama ya Wayahudi. Aliyenakili alibadilisha mhusika tu. Henry Ford, tajiri wa magari wa Marekani, alieneza mafundisho ya kitabu hicho katika gazeti lake tangu 1920 na mwaka 1927 akaomba radhi hadharani. Wanazi wakakisambaza hata hivyo. Hadithi nyingi za Freemason zinazozunguka kwetu, zile za mtu akitajirika ghafla, zina chembe za kitabu hichohicho, kwa sababu nacho kiliwaunganisha Wayahudi na Freemason katika njama moja.

Kuhusu benki, kaka amepewa dai linaloweza kupimwa mara moja. Benki Kuu ya Kenya iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1966, na mwenye mali ni serikali ya Kenya. Benki Kuu ya Uingereza imekuwa mali ya serikali tangu 1946. Ukoo wa Rothschild, ambao ndio hutajwa katika video hizo, ulikuwa na nguvu kubwa ya kifedha barani Ulaya katika karne ya 19. Hilo ni kweli. Lakini Wanazi walipoingia Vienna mwaka 1938 walimkamata mkuu wa tawi la ukoo huo mjini humo, wakamweka kizuizini na kutwaa mali yake. Watu wanaoitawala dunia kwa siri wangeshindwa vipi kujikinga?

Sasa Gaza, na hapa naomba unisome polepole.

Hukosei kuwaonea Wapalestina uchungu, wala mwanao hakosei. Makumi ya maelfu ya Wapalestina wameuawa katika vita hivi, wengi wao wanawake na watoto, na mtu yeyote mwenye haki ya kusema anayo haki ya kuilaumu serikali ya Israeli, kudai mashambulizi yakome, kuandamana na kutaka wahusika washtakiwe. Wapo Wayahudi wanaofanya hivyo pia, London na Israeli kwenyewe. Yapo maelezo mawili yanayotumiwa sana kueleza chuki dhidi ya Wayahudi: la IHRA, muungano wa nchi wa kuyakumbuka Maangamizi ya Wayahudi, la mwaka 2016, na Tamko la Jerusalem la mwaka 2021 lililoandikwa na wasomi walioona kwamba lile la kwanza linaacha mwanya wa kuwanyamazisha watetezi wa Wapalestina. Wanabishana vikali, na mabishano yao si ya bure, kwa sababu wapo watu walioshutumiwa chuki hiyo kwa sababu tu ya kuilaumu Israeli. Hata hivyo wote wawili wanakubaliana juu ya mambo mawili: kuilaumu Israeli kama inavyolaumiwa nchi nyingine yoyote si chuki dhidi ya Wayahudi, na kuwabebesha Wayahudi kila mahali lawama ya matendo ya Israeli ni chuki hiyo. Mwanao amesimama upande wa pili wa mstari ambao hata wanaopingana wanauona.

Ninyi ni Waislamu, na kwa hiyo mnayo hoja iliyo karibu zaidi na nyumba yenu kuliko maelezo ya wasomi. Surat Al-An'am, aya ya 164, inafundisha kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Surat Al-Maida, aya ya 8, inawaonya waumini wasikubali chuki yao juu ya watu iwatoe katika uadilifu. Mwulize mwanao, kwa upole na bila kumkatiza: mtoto yule katika bwalo la shule amebeba mzigo wa nani?

Na umwambie jambo jingine ambalo video zake huenda hazikumwambia. Tarehe 7 Oktoba 2023, wapiganaji wa Hamas na wenzao waliwaua nchini Israeli watu wapatao 1,200 na kuwateka takribani 250. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo. Huruma ya kweli haiulizi pasipoti, na kijana anayeweza kumlilia mtoto wa Khan Younis, Gaza, hana sababu ya kushindwa kuwalilia hao.

Mume wako ana hoja, na usiitupe. Ikiwa mwanenu aliitwa gaidi na shule ikanyamaza, nendeni wote wawili mkalalamike kwa maandishi, kwa maana sheria ya usawa ya mwaka 2010 inamlinda mwanafunzi Mwislamu kama inavyomlinda Myahudi. Lakini afikirie ni nani wanaofaidika watoto hawa wawili wanapogombanishwa. Shirika la CST, ambalo limekuwa likiorodhesha matukio ya chuki dhidi ya Wayahudi Uingereza tangu 1984, lilihesabu zaidi ya matukio 4,000 mwaka 2023, mengi zaidi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Katika jiji lenu la London, Juni 2017, mtu aliwagonga Waislamu kwa gari karibu na msikiti wa Finsbury Park na kuua mmoja. Wenye chuki hizi mara nyingi ni walewale. Huko Halle, Ujerumani, tarehe 9 Oktoba 2019, siku ya Yom Kippur, sikukuu takatifu ya Wayahudi, mtu mwenye silaha alishindwa kuuvunja mlango wa sinagogi. Akamwua mwanamke mpita njia, kisha akaenda katika duka la kebab na kuua kijana mmoja humo. Kijana aliyefyatua risasi katika sinagogi la Poway, California, Aprili 2019, alikuwa ametangulia kuutia moto msikiti.

Kisa cha Pittsburgh kinatuhusu zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili. Oktoba 27, 2018, waumini 11 waliuawa katika sinagogi la mji huo wa Marekani. Muuaji alitangaza hasira yake juu ya HIAS, shirika la Kiyahudi lililoanzishwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kuwapokea Wayahudi waliokimbia mateso ya Urusi, ambalo leo linawahudumia wakimbizi wa dini zote na jijini Nairobi limewasaidia Wakongo na Wasomali. Kosa la Wayahudi wale, kwake yeye, lilikuwa kwamba wanawaleta watu kama sisi. Yeyote anayemfundisha mwanao kwamba Wayahudi wanaongoza dunia kwa siri anamfundisha somo ambalo sura yake inayofuata inamtaja yeye mwenyewe kama mvamizi.

Anayo pia mifano ya kumpa fahari. Januari 9, 2015, mtu mwenye silaha alipovamia duka la vyakula vya Kiyahudi mjini Paris na kuua watu wanne, mfanyakazi mmoja wa duka hilo, Lassana Bathily, Mwislamu kutoka Mali, aliwaficha wateja katika chumba cha baridi cha chini na kuwazimia taa, kisha akatoka na kuwaeleza polisi ramani ya ndani. Zama za Wanazi, daktari Mmisri aliyekuwa Berlin, Mohamed Helmy, alimficha msichana wa Kiyahudi hadi vita vikaisha. Hawakuulizana kwanza wanakubaliana nini kuhusu siasa.

Basi fanya hivi. Zungumza na mwanao kabla ya kuzungumza na shule tena, na zungumza naye mkiwa na baba yake, hata kama baba hajakubaliana na kila neno. Kijana akiona mmegawanyika atajificha katika ufa huo. Mwache aseme yote anayoyaamini, kisha mchukue dai moja tu mlichunguze pamoja, kwa mfano hilo la Benki Kuu ya Kenya, ili aonje mwenyewe jinsi uongo unavyoporomoka ukiguswa. Siku nyingine baba ampeleke katika Jumba la Makumbusho la Vita la London, Imperial War Museum, ambako kuna kumbi nzima za Maangamizi ya Wayahudi na kuingia ni bure. Wakirudi, wasihojiwe.

Kuhusu kuomba radhi, anapaswa kuomba, ila si mbele ya darasa wala kwa maneno uliyomwandikia. Mwombe mwalimu awaulize kwanza wazazi wa mtoto aliyeumizwa kama wanapenda kupokea barua, kwa sababu aliyeumia ndiye mwenye kuamua kama anataka kusikia sauti ya aliyemwumiza. Barua itaje kitendo kama kilivyo: sauti ile, na maneno yale juu ya Hitler. Isiwe na "lakini", na isitaje Gaza. Mume wako akisema hayo ni usaliti, mkumbushe kwamba mtoto anayeruhusiwa kudhulumu kwa sababu naye alidhulumiwa hajatetewa na mtu.

Kaka yako usimjibu ndani ya kundi. Mtu wa heshima akisahihishwa mbele ya wadogo zake hutetea uso wake, si ukweli. Mpigie simu, mwamkie, mwulize hali, kisha mwambie: "Kaka, mwanangu ameingia matatani shuleni kwa sababu ya maneno yanayofanana na yale ya video zako, na kuna mtoto ameumia. Nakuomba kwa heshima usitume tena zile za Wayahudi na benki. Za kuwaombea watu wa Gaza dua endelea kutuma." Ukiweza, mweleze habari ya Graves na kitabu cha Joly, maana mtu anayependa kufumbua siri huenda akapenda kujua kwamba siri hiyo ilifumbuliwa mwaka 1921. Asipokubali, mtoe mwanao katika kundi hilo na umweleze kaka kwamba umefanya hivyo, bila kumficha. Kumheshimu hakukulazimu kumwachia malezi ya mwanao.

Bibi yako wa Vienna usimtwike jambo hili, wala usimpeleke mwanao kwake ili apate somo. Alikuwa mmoja wa watoto wapatao 10,000 waliookolewa kwa treni zile kati ya Desemba 1938 na Septemba 1939, na hana deni la kumfundisha mtu yeyote ubinadamu. Endelea kumhudumia kama ulivyokuwa ukimhudumia, hujamkosea.

Mwisho, itazame simu. Keti na mwanao akuonyeshe video anazoletewa, kwa sababu programu hizo humrudishia mtu kile alichokitazama jana kikiwa kimekolea zaidi, na zile zinazoanza na Gaza zikamfikisha kwenye kumsifu Hitler azizuie mbele yako. Ukiona baada ya hapo bado anamsifu Hitler, anaficha simu, au anazungumzia kumdhuru mtu, usingoje simu ya pili kutoka shuleni: mwendee mwalimu anayeshughulikia usalama wa wanafunzi, ukiwa na mume wako, na umweleze yote uliyoyaona.